Ramani ya Pua ya Mzee Shafii

Siku ya tatu baada ya kurudishiwa pua, nilikuwa nampenda kila mtu, hata wale wanaonuka soksi. Nilinusa kitasa cha mlango. Nilinusa daftari la mahudhurio. Nilimnusa mlinzi wa kituo chetu cha kahawa mpaka akaniuliza kama nina kesi naye.

Msinicheke. Miezi kumi na minne nilikuwa nakula majivu. Homa ya majivu haiui mtu. Inakulaza siku nne, inaondoka, na inapoondoka inabeba harufu zako zote kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba. Unabaki na ulimi unaojua chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Kwetu Mbinga iliwaacha hivyo watu wengi. Kwa fundi cherehani si neno. Mimi, Osmunda Ndunguru, ni muonjaji kahawa, na muonjaji asiye na pua ni kama refa aliyefungwa kitambaa machoni: filimbi anayo, lakini penalti anatoa kwa imani.

Sasa nilikuwa na punje. Ni kidude kidogo kuliko mbegu ya ulezi. Dokta Kastuli Hyera alikipitisha kwenye tundu langu la kushoto, juu kabisa, pale mfupa wa pua unapopakana na ubongo. Aliponitoa mezani alinipa ganda la chungwa ninuse. Nililia mpaka nikamchafulia koti.

Asubuhi hiyo mezani kwetu palikuwa na vikombe vitano vya kahawa ya kilima cha Ukiliro. Mzee Shafii Mbwana, muonjaji mkuu, alikaa upande wa pili. Ni mtu wa Pangani, ana miaka sitini na minane, na akivuta kahawa kutoka kwenye kijiko utadhani turubai linachanika. Ndivyo kazi ilivyo: unafyonza kwa kelele ili kahawa isambae mdomoni kama mvuke na kupanda puani, halafu unatema kwenye ndoo. Wageni wakipita dirishani hudhani tunagombana na uji.

Fyoooo! Mzee akatema. Fyoooo! Nikatema. Kila mtu akaandika kadi yake ameifunika kwa mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Tukazigeuza.

Yake: sabini na moja. Ukungu. Gunia lililolowa.

Yangu: sabini na moja. Ukungu. Gunia lililolowa.

"Lahaula!" Mzee Shafii akapiga makofi. "Hata neno ni lilelile! Binti, pua imerudi. Karibu nyumbani."

Nilicheka naye, halafu nikakumbuka nilichoandika.

Sheria ya kahawa ya mkoa wetu ni fupi. Kilima kinahukumiwa na pua mbili, kila pua na kadi yake, bila kuchunguliana. Kikipata chini ya sabini na tano misimu mitatu mfululizo, kinaondolewa kwenye kahawa. Zinakuja zile mashine za miguu sita, zinapanda mteremko kama mbuzi wenye haraka, na kwa siku mbili hakuna mbuni uliosimama. Wanapanda parachichi. Sina ugomvi na parachichi. Lakini huu ulikuwa msimu wa tatu wa Ukiliro kuanguka, na Ukiliro ndiko nilikozaliwa. Mama yangu ana mibuni mia mbili na kumi kule, na kila mmoja anaujua kwa tabia.

Vilima vingine vilishahukumiwa kabla sijarudi kazini, na yule aliyekuwa pua ya pili misimu iliyopita amehamia Kagera, akaoa huko. Ukiliro ni juu, baridi, kahawa yake inaiva mwisho. Kwa hiyo iliniangukia mimi.

"Kadi rasmi utaandika na kutia saini Ijumaa," Mzee Shafii alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nenda kwanza ukamwambie mama yako kwa mdomo wako. Asije akasikia redioni."

*

Nilipanda Ukiliro kwa kiti cha waya, miguu ikining'inia juu ya mashamba. Kutoka angani kilima chetu kinafanana na sega la nyuki: ngoro kila mahali, yale mashimo ya Wamatengo yenye matuta pande nne, nyasi zikiwa zimefukiwa chini zioze. Vilima vingine wanalima maharage na mahindi kwenye ngoro. Ukiliro pekee walipanda na mibuni juu ya matuta, tangu enzi za bibi yangu, na hakuna aliyewahi kuwaambia waache.

Mama alikuwa katikati ya shimo, jembe mkononi, tope mpaka kwenye viwiko. Jina lake Kresensia, ila kilima kizima kinamwita Mama Osi.

"We Osi! Njoo nikukumbatie kabla sijanawa, maana nikienda kunawa utakimbilia tena mjini."

Akanikumbatia. Punje ikafanya kazi yake.

Ukungu. Gunia lililolowa.

Nilimsukuma mama yangu mzazi, nikaruka tuta, nikatapika kwenye ngoro ya jirani. Na haikuwa kichefuchefu tu. Nilikuwa naogopa. Moyo ulinienda mbio kana kwamba kuna mtu amekuja kutufukuza.

Nilipoinuka mama alikuwa ananitazama, mikono kiunoni.

"Ya nani?"

"Nini?"

"Mimba."

"Mama, hakuna mimba."

"Basi ni chipsi za mjini."

"Ni harufu, mama. Punje bado mpya."

"Harufu gani?" Akainua kwapa, akajinusa. "Mbona nimeoga asubuhi?" Alijaribu kucheka, lakini tulipokaa kula akahamisha kigoda chake upande ambao upepo unaelekea, mbali nami, asiniudhi. Alifanya hivyo kimyakimya, kama mtu anayempisha mgeni.

Nikiwa mtoto nilikuwa nalala pua yangu imezama kwenye bega lake. Nilijua kwamba nilikuwa naipenda harufu ile. Nilijua kama unavyojua mji mkuu wa nchi usiyowahi kufika.

Baada ya kula nilirudi kwenye ngoro, nikachota udongo aliotoka kuupindua, nikanusa. Ukungu, gunia lililolowa. Nikaenda ghalani, nikachomoa gunia bovu kweli, lenye madoa meusi, lililosahauliwa nyuma ya madebe. Ukungu, gunia lililolowa. Hakuna tofauti hata kidogo. Udongo mpya na gunia lililooza! Hata mbuzi anajua kutofautisha, na mbuzi hajafanya mtihani wa kuruhusiwa kutia saini kadi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Ijumaa natia saini ya kilima chetu," nikamwambia.

"Unatia kusema nini?"

"Kwamba kahawa yetu ina ukungu."

Anaijua sheria kuliko mimi.

"Inao?"

"Sijui, mama."

"Si wewe ndiye mwenye pua?"

"Ndiyo shida yenyewe. Sidhani kama ni mimi."

*

Dokta Hyera ana chumba juu ya duka la matairi. Ni mtu mwema sana, wa aina ile ambayo ukimkanyaga anakuomba radhi. Nilimweleza yote. Akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Osmunda, pua hainusi," alisema. "Pua inabisha hodi tu. Anayenusa ni ubongo."

"Najua hilo. Uliniambia siku ya chungwa."

"Sasa sikia lingine. Macho na masikio yana adabu. Habari zao zinapita mapokezi kwanza, katikati ya ubongo, zinaandikishwa, zinapangiwa chumba. Harufu haina adabu hiyo. Inaingia moja kwa moja chumba cha ndani, walipokaa hofu na kumbukumbu, inakaa kitandani, ndiyo kwanza unauliza jina lake."

"Na punje?"

"Punje inabisha hodi badala ya pua. Lakini homa ilikuunguzia orodha ya wageni: nani ni nani, nani rafiki, nani mwizi. Ili usianze na ukurasa mtupu, tunaweka orodha nyingine. Tunaiita ramani."

"Ramani ya nani?"

Miwani ikafutwa tena.

"Tulihitaji mtu mtulivu, anayenusa vitu mia kwa siku huku akitaja kila kimoja. Sasa, meza yenu ya kuonjea ipo hapo ng'ambo ya barabara. Na kwenye fomu uliandika 'nirudi kazini upesi'..."

"Dokta. Nina pua ya Mzee Shafii?"

"Nakala. Siku mbili za vikombe vyake."

Nikakaa chini. Kila kitu nilichonusa kwa furaha wiki ile, kitasa, daftari, mlinzi, nilikuwa nimekinusa kwa ruhusa ya mzee wa Pangani. Hata chungwa. Machozi yale nililia kwa niaba ya mtu mwingine.

"Hukufikiria kuniuliza?"

"Niliuliza. Fomu, ukurasa wa tisa."

"Nani amewahi kufika ukurasa wa tisa?"

Nikamuuliza lililonileta: kahawa ya Ukiliro ina ukungu au haina? Si ana mashine? Akachukua sampuli niliyobeba, akaiingiza kwenye kisanduku chake. Kikanguruma kidogo kama paka aliyeshiba.

"Kuna kemikali hapa," akasema. "Ukungu unaitoa. Na udongo uliopinduliwa baada ya mvua unaitoa pia, ileile. Mashine inaniambia ipo. Kama ni kasoro au ni sifa, mashine haijui. Hilo linaamuliwa na ubongo uliokua nayo, na kila ubongo ulikua kwake."

"Basi futa ramani hii, niwekee ya kwangu."

"Ya kwako haipo, Osmunda. Iliungua. Nikifuta, unarudi kwenye majivu. Halafu chupa nne za harufu kila asubuhi na kila jioni, miezi, labda mwaka, mpaka ubongo ujichoree wenyewe. Sita kati ya kumi wanapata kitu. Wengine wanapata vituko. Nina mama mmoja kitunguu kinamnukia petroli."

"Na wale wanne?"

"Majivu, moja kwa moja. Na punje ikishafutwa haipokei tena ramani ya kuazima. Ni mara moja tu."

*

Alhamisi nilimkuta Mzee Shafii anakaanga sampuli, amejitanda moshi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona uso umekunjwa kama shati la juzi?"

Nikamwambia. Mwanzoni alicheka, akafurahi hata, kwamba pua yake ina mtoto. Halafu nikamweleza kuhusu mama yangu, na jinsi nilivyomsukuma. Akazima jiko.

"Uliogopa?" akauliza.

"Sana. Na sikujua naogopa nini."

Alikaa kwenye gunia la kahawa, akatazama mikono yake.

"Baba yangu alikuwa mtunza ghala la mbata, pale Pangani. Mwaka mmoja mvua ikaingia ukutani, ukungu ukala mzigo wote. Wakamwachisha kazi siku ileile. Nilikuwa na miaka sita. Nilimkuta amekaa kizingitini, viatu mkononi, nyumba nzima inanuka udongo uliolowa. Mpaka leo nikikutana na harufu ile, namwona na viatu vyake. Sikujua kwamba kitu kama hicho kinanakiliwa."

"Viatu havikunakiliwa, mzee. Hofu tu ndiyo imekuja."

"Kwa hiyo miaka thelathini nimekuwa nahukumu vilima vya watu kwa viatu vya baba?"

"Sijasema hivyo. Labda ukungu upo kweli. Mimi sijui, na leo hata wewe hujui. Ila kadi mbili zinasema tunajua, tena wawili, na kumbe ni mtu mmoja amepiga kura mara mbili."

Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akanitupia jicho la pembeni, lile la kuwapima wanafunzi.

"Ungeweza kuandika themanini tu kesho. Nani angejua?"

"Nimeliwaza usiku kucha. Tatizo, nikidanganya kwa ajili ya mama, mwakani shangazi naye ana kilima."

"Na ukifuta?"

"Pua ya pili ikikosekana, kilima kinasubiri msimu mmoja. Nimeisoma sheria yote. Siku hizi nasoma mpaka ukurasa wa tisa."

"Watasema umemwokoa mama yako kwa ujanja."

"Watasema."

"Na unaweza usinuse tena maisha yako yote, binti."

Niliinamia lile jiko lililozimwa, nikavuta harufu ya kahawa iliyotoka kukaangwa, ndefu, mpaka mapafu yakagoma. Ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa yake, lakini ilikuwa nzuri mno.

Ijumaa, mahali pa alama kwenye kadi, niliandika hivi: *Muonjaji wa pili amewekewa ramani ya muonjaji wa kwanza. Pua ni moja. Mama wa muonjaji wa pili ana mibuni 210 Ukiliro. Hilo nalo lijulikane.* Nikatia saini. Mzee Shafii akasoma, akatia yake chini yangu bila kuombwa. Mchana nilivuka barabara, nikapanda ngazi za duka la matairi. Nilipopanda, matairi yalinuka. Niliposhuka, matairi yalikuwa duara nyeusi tu.

*

Niliondolewa mezani, kama ilivyo haki, nikapewa kazi ya kushona magunia. Nilirudi kuishi Ukiliro. Dokta alinipa chupa nne: mchaichai, karafuu, limau, mkaratusi. Unanusa chupa sekunde ishirini, unajilazimisha kukumbuka. Mchaichai: chai ya Jumapili, kikombe chenye ufa. Hakuna kitu. Karafuu: pilau ya ubarikio wangu. Hakuna kitu. Kila asubuhi, kila jioni, kama mtu anayepiga simu nyumba isiyo na watu.

Mama aliona chupa nne ni uchoyo. Siku moja nikakuta ya tano, kaijaza udongo wa ngoro.

"Hii hapana, mama."

"Kwa nini? Si ndiyo unayoitafuta?"

"Ndiyo maana hapana. Nikiinusa kila siku huku wewe umesimama hapo unatabasamu, nitaipenda kwa mazoea. Nitakuwa nimetoka kwenye ramani ya Mzee Shafii nikaingia kwenye ramani ya mama."

"Ehee! Sasa ubaya wa ramani ya mama ni nini?"

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamwaga udongo, akaosha chupa, akatilia mafuta ya kula. Na usiku akihisi nimelala alikuwa anakuja kukaa kitandani kwangu, karibu kabisa, maana sasa hakuna alichoogopa kuniudhi nacho. Sikuwa nimelala.

Mwezi wa saba wa chupa, mama alikuwa anakaanga kitunguu, nikapita na ndoo ya maji. Nikasimama.

"Mama, kuna mpira unaungua?"

"Mpira gani? Ni kitunguu."

"Mpira unaungua!" Nikaangusha ndoo. "Mama, kitunguu kinanuka mpira! Kinanuka!"

Nikamshika mikono tukazunguka jikoni humo, maji yakitufikia vifundoni. Jirani akachungulia kuuliza kuna nini, mama akamjibu, huku bado anachezeshwa, kwamba mwanawe amepata mpira uliochomwa na anamshukuru Mungu.

Baada ya hapo zilirudi kama watu wanaotoka kwenye mkutano: mmoja mmoja, wengine wamekosea nyumba. Limau lilikuja na jina lake. Sabuni ikaja imevaa harufu ya samaki, ikajirekebisha baada ya wiki kadhaa. Kuna nyingine sijazipata mpaka leo. Waridi kwangu ni karatasi. Mwezi wa kumi na moja wa chupa nilifanya upya mtihani wa saini, mbele ya waonjaji watatu wa mikoa mingine, nikapita kwa alama moja.

*

Ukiliro ikaiva tena, mwisho wa vilima vyote. Vikombe vitano mezani, namba moja mpaka tano, wenye mashamba wamefichwa kwenye bahasha. Mzee Shafii alikuwa amekaa wiki nzima kule kilimani mwezi uliotangulia, akifukia nyasi na mama yangu. Alirudi na malengelenge mikononi, akasema bado harufu ile inamtisha, ila sasa anajua inaanzia wapi.

Fyoooo. Kikombe cha kwanza. Nilifumba macho. Ilikuja polepole: chokoleti chungu kidogo, halafu chini yake kitu kizito, cheusi, kibichi. Moyo wangu haukukimbia. Nilikaa nacho. Kilikuwa udongo, na kilikuwa kimekaa vizuri chini ya kahawa, kama sakafu chini ya nyumba.

Nikatema, nikaendelea. Cha pili, cha tatu. Cha nne kilinikunja uso. Nikakirudia mara mbili. Nikaandika.

Tukageuza kadi. Yake: sabini na nne, udongo mzito. Yangu: themanini na moja, udongo mzuri, kikombe cha nne kina ndizi iliyoiva kupitiliza, kimechachuka.

Tulitazamana. Safari hii kadi zetu zilikubaliana neno moja tu: udongo. Sheria inasema pua zikitofautiana, wenye pua hawaondoki mezani mpaka wapate namba moja.

"Themanini na moja?" akasema Mzee Shafii. "Binti, unaonja kahawa au unaonja cheti chako cha kuzaliwa?"

"Na wewe mzee unaonja kahawa au viatu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaanza. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, tukatengeneza nyingine, tukabishana na hiyo. Alinishusha kwenye uzito; alikuwa na haki, nilikuwa nimependelea. Nilimpandisha kwenye utamu. Kile kikombe cha nne alikirudia mara tatu, akaweka kijiko chini.

"Ndizi. Ipo. Niliipita kabisa," akasema. "Nilikuwa nashughulika kuogopa kitu kingine."

Saa nane mchana tukaandika namba: sabini na nane. Kilima kinabaki. Tukatia saini, kila mtu kwa mkono wake, ndipo tukafungua bahasha. Nilisoma jina la mwenye kikombe cha nne, nikampa Mzee Shafii naye asome, akaficha uso nyuma ya kadi, mabega yakimtikisika.

Nikapiga simu Ukiliro.

"Mama, kilima kimepita." Nikaacha kwanza apige vigelegele, na jirani zake, na sijui nani mwingine aliyekuwa amejazana kwenye simu ile. Walipotulia nikamuuliza: "Kuna kahawa yako ililala kwenye ndoo bila kumenywa? Kama siku mbili hivi?"

"Nani amekwambia?"

"Hakuna mtu aliyeniambia, mama."

Nikamsikia akivuta pumzi, na sauti yake ilipokuja ilikuwa inacheka na inatetemeka kwa pamoja.

"Ilikuwa harusi ya Desderia, Osi. Ulitaka nikose harusi?"